Beseni la Bi Mashavu

Kwa mara ya nne mwaka huo, fangasi walirudi katikati ya vidole vya miguu ya Zamzam, na Jumamosi miguu hiyo ilikuwa ipakwe hina ya harusi. Mganga Bi Mashavu alimsogezea beseni la maji ya mwarobaini.

"Tumbukiza, bibi harusi. Au unasubiri bwana aje akunawishe?"

Zamzam aliinama. Juu ya maji vilielea vipande vyeupe vya ngozi.

"Maji haya ya lini, Bi Mashavu?"

"Dawa haimwagwi, mwanangu. Huongezwa majani tu. Mji mzima umeponea humu."

Zamzam aliwatazama wanawake watano waliokaa benchini, viatu mikononi. Wote aliwakuta hapo mwezi uliopita.

"Haya, wenzako wanangoja."

Mguu wake ulibaki hewani, vidole vimekunjwa.