Nafasi ya Djibouti

Norbert Sobczak alivaa tai Jumamosi asubuhi, na hakukuwa na mazishi wala harusi. Mkewe, Lorraine, alimtazama akihangaika na fundo mbele ya dirisha la jikoni, akaenda kumsaidia bila kuuliza. Alijua anakokwenda. Mumewe, aliyeapa tangu ujana kwamba hatampigia magoti mkubwa yeyote wa jeshi, leo alikuwa anakwenda kumpigia mmoja.

Kisa ni mwana wao wa pekee, Emmett. Mwaka jana, na miaka yake thelathini na nne, alipata kamisheni ya luteni usu katika jeshi la akiba la wanamaji. Watu wa akiba ni raia kama mimi na wewe. Wanavaa magwanda wikendi moja kwa mwezi, Jumatatu wanarudi kwenye shughuli zao. Norbert aliridhia kwa sharti hilo tu. Siku ya kamisheni yeye ndiye aliyempigia mwanawe saluti ya kwanza, naye Emmett akampa ile sarafu ya fedha ambayo ofisa mpya humpa anayemtangulia kwa saluti. Majirani walitania kwamba sasa meli za Amerika zitanuka samadi.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Wa Norbert walizaa kila mwaka, na hapo ndipo penye msiba. Ng'ombe sitini wa maziwa hukamuliwa alfajiri na jioni. Krismasi wakamuliwe, theluji ikifunga barabara wakamuliwe, ukiwa na homa wakamuliwe. Hata digrii yake Emmett aliisomea kwenye kompyuta pale jikoni, baada ya kukamua. Kulikuwa na binti mmoja, mwalimu, aliyemsubiri miaka na miaka, mwishowe akachoka, akaenda kuolewa Chicago. Norbert alimpa mwanawe pole, na kesho yake wakaamka kukamua.

Ndipo likaja hili la nafasi. Ofisa mpya wa akiba lazima apangiwe nafasi katika kikosi fulani, na zile za karibu na nyumbani zinagombewa kweli kweli. Jumapili moja Emmett alirudi kutoka kambini, akakaa mezani, akasema wamempangia kambi ya Amerika kule Djibouti. Mwaka mzima, na si ajabu ukaongezwa.

"Hukuwaambia una shamba?" baba yake aliuliza.

"Amri ni amri, Baba. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli alimfundisha. Norbert alikuwa baharia wa cheo cha chini wakati wa vita vya Vietnam, na zama zile mtu hakuulizwa anataka nini. Aliambiwa panda meli, akapanda. Kwa hiyo aliimeza amri hiyo. Lakini goti lake lilikuwa limekwisha, na vibarua wa kukamua siku hizi hawapatikani hata kwa dawa. Emmett akiondoka, ng'ombe wanauzwa. Dalali wa mnada alikwisha kupita kuwaangalia, akawasifia kwa sauti ya mtu anayesifia jeneza. Lorraine aliacha kula. Katika nyumba ile ni Emmett peke yake aliyekuwa anaongeza chakula, na mama yake alishukuru kwamba angalau mtoto hajavunjika moyo.

Asubuhi hiyo, alipoiona tai, Emmett aliweka kikombe chini.

"Baba, usije. Utaniaibisha."

"Aibu nitaibeba mimi. Wewe endesha."

Walikwenda kambini kwa pikapu. Njiani Emmett alijaribu tena. Alisema Kamanda Teague, mkuu wa kikosi chao, hana muda, kwamba jeshini hakuna rufaa, kwamba mzazi akijitia kimbelembele anamchongea mwanawe. Norbert alitazama mashamba ya mahindi yakipita, akamwonea huruma. Kijana amenaswa, aliwaza, na hata kupiga kelele anaogopa. Jeshi lina mlango wa kuingilia, wa kutokea wameuziba.

Kamanda Rosalind Teague alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Aliwakaribisha wote wawili ofisini, akammiminia mzee kahawa. Emmett hakukaa. Alisimama wima karibu na mlango, macho ukutani.

Norbert alikuwa amepanga maneno yake tangu juzi, na yote yakamtoroka. Alijikuta anaeleza habari za goti, za mnada, za ng'ombe ambao babu yake alianza nao wakiwa mitamba wawili, na za mkewe anayejificha bandani ili alie. Aliona haya mbele ya mwanawe, haya iliyomchoma hasa, lakini hakuacha.

"Sikuombi umtoe jeshini, Afande," alisema. "Ni ofisa wako, mtumie. Ninachoomba ni nafasi ya hapa hapa mjini, alale nyumbani. Hata ikiwa ya kufagia."

Kamanda alimtazama mzee, kisha akamgeukia luteni wake pale mlangoni. Emmett hakupepesa jicho, ila shingo yake yote ilikuwa imeiva wekundu.

"Mzee Sobczak," kamanda alisema taratibu, "nafasi ya hapa mjini ndiyo niliyompa kwanza kabisa. Alinirudishia siku hiyo hiyo, akaniuliza katika zilizobaki ni ipi iliyo mbali kuliko zote."