Mbegu Kiganjani

Mibangi ya Semeni haikumvuka kiuno. Kwa misimu minne alichagua mbegu za ile mifupi tu, yenye majani mapana na matawi yaliyobanana, ili ukuta wa uani uifiche. Midume aliing'oa yote kabla maua hayajafunguka, maana chavua ikipeperuka, majike hujaa mbegu na kuharibika.

Asubuhi hiyo aliminya ua moja. Mbegu ikamdondokea kiganjani. Akaminya mengine. Yenye mbegu yalikuwa ya upande mmoja tu, upande wa jirani yake, Balozi Magembe, balozi wa nyumba kumi anayewapeleka watu polisi kwa jani moja.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Balozi mwenyewe, daftari mkononi.

"Bi Semeni, watu wanalalamikia harufu. Nipishe nikague."

Semeni hakumpisha.

"Karibu, Balozi. Ila midume yangu niling'oa yote, mmoja mmoja. Sasa hii imetoka wapi?"

Akafungua kiganja.

Balozi hakuuliza midume ya nini. Aliitazama mbegu, kalamu imemganda mkononi, kisha macho yake yakahamia polepole kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe.