Pacha Wangu Ameuza

Simu ya Mamlaka ya Soko la Hisa iliingia nikimenya ndizi. Kila mwenye hisa ana pacha wake ndani ya kompyuta zao, anayenunua na kuuza kwa tabia zilezile za mwenyewe. Kanuni mpya hujaribiwa kwanza kwa mapacha. Wakishikwa na hofu, sisi wenyewe tunapigiwa simu kutulizwa.

"Bi Tunu, kwenye jaribio la leo pacha wako ameuza hisa zenu zote," alisema afisa kwa upole.

"Mimi sina mpango wa kuuza."

"Najua, mama. Pacha wako aliogopa kwamba pacha wa mumeo angemuwahi. Ni jaribio tu, usiwe na wasiwasi."

Hisa hizo ni za kumalizia nyumba yetu ya Kibaha, na yeyote kati yetu anaweza kuziuza peke yake. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliwaza hilo.

Mume wangu alikuwa mezani akipiga pasi. "Nani huyo?"

"Wamekosea namba."

Nilirudia ndizi zangu, lakini simu sikuiweka chini. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa kuuzia hisa, simu yake ilipoita.

"Hapana," alijibu, "sina mpango wa kuuza."

Akasikiliza kwa muda mrefu. Pasi ilitulia juu ya gauni langu mpaka harufu ya kuungua ikanifikia jikoni. Hakuitazama pasi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nani huyo, Baba Zuhura?"

"Wamekosea namba."