Duara la Kahawa

Nilitoka na ndoo ya nguo nikamkuta mpangaji wetu, mstaafu wa Nyuzilandi aliyekimbia baridi ya kwao, ameketi juu ya kaburi la mama anakunywa kahawa. Kaburi liko mbele ya nyumba, kama yalivyo makaburi mengi hapa kisiwani Rarotonga.

"Karibu, dada!" akasema, akipigapiga vigae vyeupe kando yake. "Nyinyi mnajua kuishi. Polepole, bila presha. Na hii baraza yenu inapata jua zuri!"

Nikatua ndoo. "Baraza gani? Mzee, umemkalia mama yangu!"

Akacheka, akidhani namtania.

"Maisha yake yote alifua mashuka ya wageni kama wewe, mpaka vidole vikakataa kunyooka. Hakuwahi kukaa juani na kikombe hata siku moja. Ndiyo kwanza amepumzika, nawe umempanda kifuani! Inuka!"

Akaruka, akanyakua kikombe. Pale kilipokuwa pakabaki duara la kahawa, juu kabisa ya jina la mama, Tepaeru.

Nikachomoa kitambaa kwenye ndoo, nikamtupia.

"Futa," nikamwambia. "Polepole. Bila presha."