Yai la Bibi

Yai lilimponyoka mtafiti wakati akiitafuta simu mfukoni kwa mkono wa pili, likapasuka mwambani kabla hajalifikisha kwenye mizani.

Bibi, ndege wa baharini wa miaka ishirini na tisa, mkongwe kuliko wote kisiwani, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, akimtazama kwa jicho moja. Mtafiti akayazoa maganda chapuchapu akayatupa majini, kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Kibandani akafungua daftari. Msimu mzima walikuwa wakichunguza kama mayai ya majike wazee huanguliwa sawa na ya vijana. Penye "sababu ya yai kupotea," kalamu ilisita kidogo, kisha ikaandika: uzee wa mama.

Mlinzi wa kisiwa, mwanamke aliyebakiza miezi miwili astaafu, akaja kulisoma daftari kama kawaida yake.

"Jamani, Bibi wetu! Na mwaka jana kalea kifaranga mnene kuliko wote. Umekuta kiota kitupu?"

"Kitupu, mama."

"Haya. Uzee, basi."

Kupitia dirishani mtafiti alimwona Bibi amerudi. Alijigeuzageuza, akajipanga vizuri, akaatamia mwamba mtupu. Mtafiti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alipogeuka, mlinzi alikuwa anavitazama vidole vya mtafiti, ambako kiini cha yai kilikuwa kimeanza kukauka kando ya kucha.

"Kanawe mikono, mwanangu," alisema mlinzi, akaliacha daftari wazi.