Shibiri Moja Kutoka Ardhini

Boriti ya chuma ilikuwa ikining'inia shibiri moja kutoka ardhini, haipandi wala haishuki, na Mjomba, aliyevaa suti na kuchomeka ua mfukoni, alikuwa karibu kulia.

"Mbona imekwama?"

"Haijakwama," alijibu mkaguzi wa usalama, mwanamke mwembamba mwenye ovaroli, glavu na simu ya upepo. "Inajaribiwa. Dakika tatu. Nawe vaa kofia ngumu, Mjomba. Hapa haingii mtu kichwa wazi."

Mjomba aliivaa kofia juu ya nywele alizozichana kwa nusu saa nzima. Alikuwa amesafiri siku mbili, akafika alfajiri, hata hajaonana na wakwe. Na kazi aliyopewa na dada yake ilikuwa moja tu: kumfikisha mpwa wake, bwana harusi, mbele ya msajili wa ndoa kabla ya saa sita, mlango haujafungwa. Siku hiyo ikipita, nafasi nyingine ilikuwa baada ya miezi mitatu.

Bwana harusi mwenyewe alikuwa juu angani, ndani ya kibanda cha kreni. Mwendeshaji wa zamu alikuwa ameamka na homa, na barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya boriti hiyo mpaka saa tano na nusu, si zaidi.

"Dada, mruhusu apandishe! Bibi harusi anangoja!"

"Atangoja," alisema mkaguzi, macho yake yakiwa kwenye mkanda ulioishika boriti.

"Kwani unamjua?"

"Kiasi."

Wafungaji mizigo, waliosimama nyuma ya kamba, walikohoa. Mmoja aligeuka akautazama ukuta.

"Lo, mwanamke huyu!" Mjomba aliwalalamikia. "Namhurumia atakayemwoa. Atajaribiwa dakika tatu kila asubuhi kabla ya kuruhusiwa kunywa chai!"

Wafungaji waliangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa huku akijishika mbavu. Mkaguzi aliuma mdomo.

"Hata mimi namhurumia, Mjomba. Imebaki dakika moja."

Ndani ya dakika hiyo mkanda ulitoa sauti ya nguo inayochanwa, ukakatika. Boriti ilidondoka shibiri yake moja, na ardhi ikatikisika chini ya viatu vya Mjomba vilivyong'arishwa.

Kicheko kilikoma. Mjomba aliinua macho hadi ghorofa ya sita, ambako boriti ingekuwa wakati huo kama angesikilizwa yeye; kisha akavihesabu vichwa vilivyokuwa nyuma ya kamba. Vinne. Vyote vilikuwapo.

"U salama, Mjomba?"

"Ni salama, mwanangu." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga, na hapo watu wote wakacheka upya, safari hii mpaka machozi.

"Leteni mkanda mpya," mkaguzi aliamuru, akijifuta mashavu. "Tunaanza tena. Dakika tatu."

Mara hii Mjomba ndiye aliyehesabu, kwa sauti kubwa, wala hakupunguza hata sekunde. Boriti ilipaa polepole, ikatua mahali pake, ikafungwa. Bwana harusi alishuka ngazi, ovaroli juu ya shati jeupe, akajitupa garini karibu na Mjomba. Mkaguzi alirukia kiti cha nyuma bila kualikwa.

"Na wewe unakwenda kukagua nini huko?" Mjomba alimwuliza.

"Bado sijui. Nikifika nitaona."

Gari lilikata kona tatu kwa honi moja ndefu. Msajili walimkuta ameshika ufunguo, mguu mmoja nje na mwingine ndani. Mjomba alimrudisha ofisini kwa kumbembeleza, kwa kumsifu na, ikabidi, kwa kumshika mkono.

"Haya," alisema msajili, akiketi kwa kununa. "Bwana harusi?"

"Huyu hapa!" Mjomba alimsukumia mpwa wake kitini.

"Bibi harusi?"

Mjomba aligeukia mlangoni, akachungulia barabara nzima, kulia na kushoto. Nyuma yake mkaguzi alivua glavu, akavuta kiti cha pili, akaketi. Na kabla ya kutia sahihi aliisoma hati ya ndoa mstari kwa mstari, tangu juu hadi chini, huku saa ya ukutani ikionyesha saa sita kasoro dakika moja.