Kompyuta ya Posa

Kompyuta ilipiga tiii, ikazima, ikajiwasha, ikazima tena. Abdulaziz alilazimisha tabasamu, maana baba mkwe alikuwa amesimama nyuma yake.

Baba mkwe mtarajiwa, tuseme ukweli. Mzee Jumbe, mwalimu mstaafu mwenye duka la steshenari hapa Misugusugu, alikuwa hajatamka neno la mwisho. Mshenga, mzee Omary, alipeleka posa akarudi Kisarawe na jibu la ajabu. Posa imepokelewa vizuri. Binti ameulizwa, ametazama chini, amenyamaza, kwa hiyo amekubali. Ila tangu siku hiyo hiyo kompyuta ya duka imeanza kuugua, na mchumba si anajiita injinia? Basi aje aitibu. Ikipona, anapewa mke.

Ndiyo maana Abdulaziz alifika na mshenga, bisibisi, brashi, mfuko wa vipuri, shati jipya na maneno mengi.

"Hii ni kumsukuma mlevi tu, mzee," alisema. "Ramu imeshika vumbi."

Mzee akaenda kukaa barazani. Abdulaziz alifungua boksi, akapuliza vumbi, akachomoa ramu na kuisugua kwa kifutio cha shule. Kompyuta ikawaka, ikatulia, ikaonyesha picha ya Mzee Jumbe akiwa na joho siku ya kuagwa kazini.

"Mzee, njoo uone!"

Nyuma ya pazia linalotenganisha duka na nyumba, sauti ya Bi Hajra, mke wa Mzee Jumbe, ilipaa: "Rahma, weka maji ya chai! Baba yako anaitwa, haonyeshwi kitu mdomo mkavu!"

Mzee Jumbe aliingia kutoka barazani alikokuwa amekaa na mshenga. Akavaa miwani, akavuta kiti, akakohoa. Tiii. Kioo kikawa cheusi.

"Hapo umekosea," alisema kama aliyeshika chaki. "Rudia."

Alipotoka tu, mashine ikapona yenyewe, kama mtoto anayeumwa tumbo mwalimu akiwa darasani. Abdulaziz akatangaza kwamba kosa si ramu, ni pawa saplai, akabadilisha. Akaita. Bi Hajra akaagiza maji ya chai. Mzee akavaa miwani. Tiii. Safari hii kosa likawa joto, akafunga feni nyingine. Halafu likawa Windows. Halafu likawa Wachina.

Kitu kimoja hakukigusa. Sakafuni, chini ya meza, palikuwa na ekstensheni iliyochoka, ikibeba kompyuta, printa, na waya mmoja mweupe uliopenya chini ya pazia kuelekea uani. Mafundi wa aina ya Abdulaziz hutazama ndani ya boksi. Sakafu ni ya mfagizi.

Rahma alimletea chai, macho chini, ushungi umemfunika vizuri. Nusu ya Misugusugu imeomba kazi kwa vidole vya Rahma. Barua, wasia, kadi za harusi, vyote alivichapa yeye kwenye mashine hiyo. Abdulaziz hilo alilijua, na lilimkera.

"Usijali," alimwambia kwa huruma. "Mke wangu hatakaa kaunta. Atapumzika nyumbani, Kisarawe."

"Hata kompyuta hatagusa?"

"Aiguse ya nini, na mimi nipo?"

Rahma akatazama chini, akanyamaza. Abdulaziz akaona amekubaliwa mara ya pili, na chai ikazidi utamu.

Bi Hajra naye alichungulia pazia mara kwa mara, amejaa upendo. "Pole na kazi, mwanangu. Huenda ni macho ya watu tu. Ukiwa tayari kumwita mzee, paza sauti, tusikie na sisi."

"Ahsante, mama," alijibu, na moyoni akashukuru Mungu kwa kumpa mama mkwe wa namna hii.

Jua lilipoanza kupinda, Mzee Jumbe alichoka kuvaa miwani na kuivua. "Kijana, hii ni ya mwisho. Ikizima tena mbele yangu, posa inarudi Kisarawe na mshenga wake."

Barazani, mzee Omary alianza kutafuta viatu vyake.

Abdulaziz aliogopa kweli. Alikwisha kuwatangazia ndugu, mama yake alikwisha kununua kitenge. Akafuta kila kitu, akaweka Windows upya, akasali kimoyomoyo. Kompyuta ikawaka. Ikatulia. Akaipa kazi nzito, haikutetereka. Akaandika NIMEPONA kwa herufi kubwa, printa ikatoa karatasi safi kabisa. Alitaka kuruka.

Alifungua mdomo amwite mzee, akaona mikono yake imejaa vumbi na grisi. Mtu hapokei mke na mikono ya namna hiyo. Akasogeza pazia, akapita polepole kwenda uani kunawa.

Kwenye meza ya uani zilikuwepo chupa mbili za chai, zimejaa tangu asubuhi, vifuniko vimekazwa. Kando ya karo, maji yaliyomwagwa yalikuwa bado yakitoa mvuke. Waya mweupe ulitambaa kutoka chini ya pazia, ukapanda mezani, ukaishia kwenye jagi la umeme. Rahma alikuwa amempa mgongo. Alilijaza jagi maji ya baridi mpaka juu, akaweka kidole kwenye swichi, akatega sikio upande wa dukani. Kisha akasikia nyayo nyuma yake.

"Mama," aliuliza bila kugeuka, "keshamwita baba?"